MWINYI KHERI: LIWALI WA UJIJI



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, tumjue Mwinyi Kheri, Mwislamu aliyeongoza mji wa Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika kabla ya Wajerumani kuja.

Mwinyi Kheri alitoka Mrima, yaani pwani ya bara inayotazamana na Unguja. Alifika Ujiji katika karne ya 19 akiwa mfanyabiashara. Safari ilikuwa ya miguu, miezi kadhaa, kupitia Tabora, kusini ya kwetu huku Segese. Hakuja na jeshi. Alikaa vizuri na wenyeji, akaoa katika ukoo wa watawala wao, akalima ngano na mpunga, akafuga ng'ombe, akauza pembe za ndovu.

Mwaka 1871 vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vilifunga njia ya misafara. Ujiji ukawa mbali zaidi na Unguja. Mambo ya mji yaliamuliwa kwa shauri la wakubwa wa biashara, na Mwinyi Kheri akawa kiongozi wao. Mwaka 1881 Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, alimfanya liwali wake. Neno hili asili yake ni Kiarabu, al-wali, yaani aliyekabidhiwa mamlaka.

Huko China, wafalme walipeleka mkuu wa jimbo mahali asipozaliwa, ili asipendelee jamaa zake. Sultani alifanya kinyume: alimchagua aliyekwisha kuwa mwenyeji. Faida yake ni kwamba watu walimsikiliza. Hasara yake ni kwamba liwali alikuwa pia mfanyabiashara, na biashara ile ilichanganyika na kuuza watu.

Mwaka 1873 Sayyid Barghash alikataza kusafirisha watumwa baharini na akafunga masoko yao. Mwaka 1876 alikataza misafara ya watumwa kutoka bara. Lakini Ujiji watu waliendelea kuuzwa, na liwali mwenyewe alikuwa na watumwa wengi. Dini yetu imefanya kumwacha mtumwa huru kuwa ibada kubwa. Hatusemi haya kwa kumtukana marehemu, bali historia isiyosema kweli haimfundishi mtu.

Mwinyi Kheri alifariki mwaka 1885. Baada ya miaka michache utawala wa Wajerumani ukaenea bara. Leo Ujiji ni sehemu ya Manispaa ya Kigoma Ujiji.

Mafunzo tunayopata:

1. Mgeni huheshimiwa kwa tabia njema kabla ya cheo.
2. Shauri la pamoja huutunza mji hata pasipo askari.
3. Uongozi ni amana. Kiongozi akinufaika na dhulma, amri ya kuizuia hubaki karatasi tu.

Mwanafunzi, kesho utakuwa mwenyekiti wa kijiji, mwalimu au mkuu wa kazi machimboni. Jiulize leo, utawatendeaje walio chini yako?

Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu. Amin.