Édouard Lucas

Édouard Lucas (Amiens, 4 Aprili 1842 – Paris, 3 Oktoba 1891) alikuwa mwanahisabati wa Ufaransa. Anajulikana hasa kwa kuthibitisha kwamba namba 170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727, yaani 2 kwa kipeo cha 127 ukitoa 1, ni namba tasa.

Maisha

Baada ya masomo alifanya kazi katika Paoneaanga pa Paris. Wakati wa vita kati ya Ufaransa na Prussia (1870–1871) alikuwa afisa wa mizinga. Baadaye alikuwa mwalimu wa hisabati, na huko Paris alifundisha katika shule za sekondari za Saint-Louis na Charlemagne.

Namba yenye tarakimu 39

Mwaka 1644 mtawa Marin Mersenne alidai kwamba namba hiyo ni tasa, bila kutoa uthibitisho. Kuhakikisha kwa njia ya kawaida ni kujaribu vigawo vyote vilivyo tasa mpaka kufikia kipeuo chake cha pili, ambacho kinazidi 13,000,000,000,000,000,000. Hakuna maisha ya mtu yanayotosha kwa kazi hiyo.

Lucas hakutafuta vigawo. Alianza na namba ndogo, akaizidisha kwa yenyewe, akatoa 2, akagawanya kwa namba inayochunguzwa na kuchukua baki tu, kisha akarudia. Njia hiyo ilirahisishwa na Mmarekani D. H. Lehmer mwaka 1930, na leo huanza na 4. Tuchukue 31, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 5 ukitoa 1. Kutoka 4 tunapata 14; kisha 194, ambayo baki lake ni 8; kisha 62, ambayo baki lake ni 0. Basi 31 ni tasa. Kwa kipeo cha 127 hatua zinazidi mia moja, na Lucas alifanya hesabu kwa mkono. Alitangaza matokeo mwaka 1876.

Mwaka huohuo alionyesha kwamba 2 kwa kipeo cha 67 ukitoa 1 si tasa, kinyume cha Mersenne, ingawa hakujua vigawo vyake. Vilipatikana mwaka 1903: 193,707,721 na 761,838,257,287.

Hadi 1951 hapakujulikana namba tasa kubwa kuliko ile ya Lucas. Mpaka leo ndiyo kubwa kuliko zote zilizothibitishwa bila mashine.

Kazi nyingine

Ndiye aliyeupa mfuatano wa Fibonacci jina hilo. Mwaka 1883 alitoa mchezo wa Mnara wa Hanoi kwa jina la bandia, N. Claus. Wenye visahani 64 unahitaji hatua 18,446,744,073,709,551,615, yaani 2 kwa kipeo cha 64 ukitoa 1. Hii si tasa, maana inaishia na 5.

Kifo

Katika karamu ya mkutano wa wanasayansi mhudumu aliangusha sahani, na kipande kikamkata Lucas shavuni. Jeraha lilipata maambukizi, akafariki siku chache baadaye akiwa na umri wa miaka 49. Juzuu mbili za mwisho za kitabu chake cha michezo ya hisabati zilichapishwa mwaka 1893 na 1894.