Uria Mhiti, Askari Mwaminifu

Wengi wetu tumesoma habari za Mfalme Daudi wa Israeli, aliyetawala yapata miaka 1000 kabla ya Kristo. Leo sitaki kusimulia habari za mfalme huyo, bali za askari wake mmoja, aliyeitwa Uria Mhiti. Habari zake zimo katika Kitabu cha Pili cha Samweli, mlango wa 11. Wasomaji wa mlango ule humtazama sana Daudi na Bath-sheba, na Uria wakampita. Mimi naona yeye ndiye mwenye mengi ya kutufundisha.

Kwanza tulitazame jina lake. Wahiti wa kale walikuwa taifa lenye nguvu, na mji wao mkuu, Hattusa, ulikuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Ufalme wao ulianguka karibu na mwaka 1200 kabla ya Kristo, lakini watu walioitwa Wahiti walikuwako bado katika nchi za Shamu na Kanaani. Basi Uria alikuwa mtu wa asili ya kigeni kati ya Waisraeli. Lakini jina lake ni la Kiebrania, nalo lina sehemu mbili. Ya kwanza ni nuru, au mwali wa moto. Ya pili, Ya, ni kifupi cha jina la Mungu wa Israeli. Maana yake ni kwamba Bwana ni nuru yangu. Kila alipoitwa, mgeni huyu alitajwa kwa imani ya watu aliokaa nao.

Daudi alikuwa na kikosi cha mashujaa wateule kilichoitwa Thelathini. Hawakuwa Waisraeli peke yao. Alikuwamo hata Mwamoni mmoja. Uria naye alikuwa mmoja wao.

Mwaka mmoja, majira ya vita yalipofika, Daudi aliwatuma jemadari wake Yoabu na jeshi lote kwenda kuuzingira Raba, mji wa Waamoni. Yeye mwenyewe alibaki Yerusalemu. Jioni moja, akitembea darini, alimwona Bath-sheba binti Eliamu, mke wa Uria. Akatuma watu wamlete, akalala naye, kisha mwanamke akarudi kwake. Baadaye Bath-sheba akampelekea mfalme habari kwamba ana mimba.

Hapo Daudi akatafuta njia ya kuficha jambo. Akamwita Uria kutoka vitani, akamwuliza hali ya jeshi, kisha akamwambia ashuke nyumbani kwake, akampelekea na zawadi. Alitumaini kwamba Uria akilala kwake, mtoto atahesabiwa kuwa wake. Lakini Uria hakwenda. Alilala mlangoni pa nyumba ya mfalme pamoja na watumishi.

Asubuhi Daudi akamwuliza sababu. Uria akaeleza kwamba Sanduku la Agano na watu wa Israeli na Yuda wamo vibandani, na Yoabu na askari wenzake wanalala uwandani. Basi yeye hawezi kwenda kula na kunywa na kulala na mkewe. Tukumbuke kwamba askari wa Daudi walikuwa na desturi ya kujitenga na wanawake wakati wa vita, na Daudi mwenyewe zamani alikuwa ameitaja desturi hiyo mbele ya kuhani Ahimeleki. Uria alikuwa akishika neno ambalo bwana wake ameliacha. Siku ya pili Daudi akamkaribisha mezani akamlevya, lakini hata katika kulewa kwake Uria hakushuka nyumbani.

Kulipokucha, Daudi akaandika barua kwa Yoabu, akampa Uria mwenyewe aipeleke. Ndani yake aliagiza Uria awekwe mbele, penye vita vikali, kisha wenzake warudi nyuma wamwache afe. Raba ya zamani ndiyo Amman ya leo, mji mkuu wa Yordani. Kutoka Yerusalemu ni kilomita zipatazo 70 kwa mstari ulionyoka, na njia hushuka mpaka bonde la mto Yordani, kisha hupanda milima ya ng'ambo. Uria akaipita njia hiyo na hukumu yake mkononi, akaifikisha kama alivyopewa. Hata leo barua yenye kumdhuru aliyeichukua Wajerumani huiita barua ya Uria.

Yoabu akaisoma, akatii. Akamweka Uria mahali palipokuwa na adui hodari. Watu wa mji wakatoka, wakapigana, na Uria akauawa, yeye na askari wengine pamoja naye. Bath-sheba akamwombolezea mumewe. Siku za matanga zilipokwisha, Daudi akamwoa.

Wengine husema kwamba Uria alikuwa mjinga, kwa kuwa alimtumikia vyema mtu aliyemdhulumu. Mimi sikubali. Tumlinganishe na Yoabu. Yoabu alitii amri ile ya mfalme, na utii wake ukamwua mwenzake. Uria alikataa shauri la mfalme, kwa sababu aliwakumbuka waliolala uwandani. Kwa hiyo naona utii na uaminifu si kitu kimoja. Mtiifu hutazama uso wa mkubwa wake tu. Mwaminifu huwatazama na wenzake ambao hawapo kumwona. Dhuluma aliyotendewa Uria ni aibu ya Daudi, wala haipunguzi heshima yake yeye.

Tena jambo lile halikufichika. Nabii Nathani alimwendea Daudi, akamsimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja wa pekee. Mfalme akaghadhibika, kisha akafahamishwa kwamba tajiri yule ni yeye, akaungama dhambi yake. Na jina la Uria halikufutika. Katika mlango wa 23 wa kitabu kile kile, orodha ya mashujaa inaishia kwake. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 15, kinamsifu Daudi, lakini kinalitoa jambo la Uria Mhiti katika sifa hizo. Hata Injili ya Mathayo, inapotaja ukoo wa Yesu, haimtaji Bath-sheba kwa jina lake, bali humwita mke wa Uria.

Wahenga walisema kwamba jina jema hung'ara gizani. Mfalme alitaka kumzika Uria pamoja na siri yake, lakini nuru iliyomo katika jina la mgeni huyu haikuzimika.