Alfred Nobel, mtu wa baruti

Kila mwaka, tarehe 10 Desemba, jina la Nobel linatajwa kwenye redio. Mwaka wa 2018 sisi Wakongo tulilisikia kwa furaha kubwa, juu ya daktari wetu Denis Mukwege wa Bukavu alipokea Tuzo ya Amani pamoja na Nadia Murad. Lakini huyu Nobel mwenyewe alikuwa nani? Wengine wanafikiri alikuwa padri, ao mtu wa siasa. Hapana. Alikuwa mtu wa baruti. Ile feza ya tuzo ilitoka katika kazi tunayoijua sisi watu wa mgodi: kutoboa mwamba, kujaza, kuwasha, kukimbia. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, leo tumweleze.

Alfred Nobel alizaliwa Stockholm, Uswidi, tarehe 21 Oktoba 1833. Baba yake, Immanuel, alikuwa fundi mwenye mawazo mengi na madeni mengi zaidi. Alifilisika, akaacha bibi na watoto nyumbani, akaenda kutafuta maisha Urusi. Mwaka wa 1842 familia ilimfuata Saint Petersburg. Kule baba alifungua usini, akatengeneza mabomu ya majini kwa jeshi la Urusi. Wakati wa vita ya Crimea kazi ilikuwa nyingi. Vita ilipoisha mwaka wa 1856, komande zilikatika, na baba akafilisika mara ya pili.

Alfred hakupata diploma ya chuo kikuu hata moja. Walimu walimfundishia nyumbani, na alijua lugha tano. Mwalimu mmoja, Nikolai Zinin, alimwonyesha kitu kilichobadilisha maisha yake: mafuta mazito yanayoitwa nitrogliserini. Mwitalia Ascanio Sobrero ndiye aliyeyatengeneza mara ya kwanza, mwaka wa 1847, na aliyaogopa sana.

Ili tuelewe sababu, tukumbuke hali ya wakati ule. Kwa mamia ya miaka watu walikuwa na baruti moja tu, ile nyeusi: chumvi ya baruti, makaa na kiberiti vikichanganywa. Ile ile ilijazwa katika bunduki, ile ile ilijazwa katika mwamba. Hakuna aliyechagua, juu ya hakuna kingine cha kuchagua. Katika bunduki ilitoa moshi mzito na kuacha masizi ndani ya mtutu. Katika mwamba mgumu ilikuwa zaifu, mashimo mengi kwa kazi kidogo.

Nitrogliserini ina nguvu mara nyingi zaidi, lakini haikuwa na adabu. Ukiiwasha kwa moto wa kawaida, pengine inaungua tu. Ukiigonga ao ukiitikisa vibaya, pengine inalipuka mkononi. Nobel alijiuliza namna ya kuifanya itii. Jibu lake la kwanza lilikuwa mlipuko mdogo wa kuamsha mlipuko mkubwa. Alianza mwaka wa 1863 kwa baruti nyeusi kidogo, kisha akaweka fulminati ya zebaki ndani ya kikopo kidogo cha madini. Hicho ndicho baba wa detonateri tunazotumia katika migodi mpaka leo.

Lakini kabla kazi haijatulia, kifo kilipita nyumbani kwake. Tarehe 3 Septemba 1864, kibanda chao cha Heleneborg, pale Stockholm, kililipuka. Emil, mdogo wake wa mwisho, alikufa pamoja na watu wengine waliokuwa kazini na karibu na kazi. Muda mfupi nyuma, baba alipata ugonjwa wa kupooza. Wakubwa wa mji walikataza kutengeneza kile kitu ndani ya mji. Nobel hakuacha. Alipeleka kazi juu ya mashua ya mizigo katika ziwa la Mälaren, na mwisho wa mwaka ule ule alikuwa amekwisha kuanzisha kampuni.

Hapa sisi wa sendika tunasimama kidogo. Biashara ilikwenda mbio kuliko usalama. Nitrogliserini ilisafirishwa katika masanduku kama mafuta ya kawaida, na mbeba mzigo mara nyingi hakujua anabeba nini. Mwaka wa 1866 mizigo ililipuka San Francisco na kwenye meli pwani ya Panama. Usini yake ya Krümmel, karibu na Hamburg, ililipuka pia mwaka ule. Waliokufa walikuwa watu wa kubeba, wa kupakua, wa kuchanganya. Nchi mbalimbali zilianza kuikataza.

Basi Nobel alitafuta kitu cha kunywa yale mafuta, kama vile mkate unavyokunywa chai. Alijaribu vitu vingi. Kile kilichofaa kilikuwa karibu na Krümmel yenyewe: kizelguri, udongo mwepesi sana, wenye matundu madogo madogo. Ukichanganya, unapata donge unaloweza kukata na kufunga kwa karatasi. Mwaka wa 1867 alipata hati ya uvumbuzi, akaita kitu kile dinamiti. Ilitumika hata katika tuneli ndefu ya Gothard, Uswisi, iliyoanza kuchimbwa mwaka wa 1872.

Dinamiti ilipunguza hatari kwa mtu wa mgodi, lakini katika usini nitrogliserini ilibaki ile ile. Wakati wa kuchanganya asidi na gliserini, moto unapanda wenyewe ndani ya chombo. Lazima mtu akae aangalie kipimo cha joto bila kuacha. Joto likizidi, anamwaga vyote katika maji mengi. Katika usini yake ya Ardeer, Scotland, mtu huyo alikalia kiti cha mguu mmoja. Akisinzia, anaanguka na kuamka. Tuwaze kile kiti, ndugu zetu. Usalama wa usini nzima uliwekwa juu ya usingizi wa mfanyakazi mmoja. Tena mafuta yale yalipasua kichwa kwa maumivu kila aliyeyashika, na Nobel mwenyewe aliyajua maumivu hayo.

Kisha alirudi kwenye bunduki. Hapa ndipo akili yake ilionekana, juu ya baruti ya mwamba na baruti ya bunduki si kitu kimoja. Mwamba unataka kuvunjwa kwa mara moja. Risasi inataka kusukumwa, tangu nyuma ya mtutu mpaka mdomoni, bila kupasua chuma. Mwaka wa 1887 alichanganya nitrogliserini na selulosi iliyopikwa kwa asidi, vitu viwili vya hatari, na kimoja kikamtuliza mwenzake. Hiyo ndiyo balistiti. Inaungua kwa utaratibu kuanzia juu kwenda ndani, na karibu haina moshi. Tangu hapo ukubwa wa punje ukawa jambo kubwa: kwa kawaida punje ndogo inaungua haraka, punje kubwa polepole. Anayejaza kartushi sharti achague baruti kufuatana na bunduki na uzito wa risasi. Mwindaji wa kijijini mwenye bunduki ya pupu, akitia baruti isiyo na moshi kwa kipimo cha ile nyeusi, mtutu utampasukia usoni. Macho hayatoshi kupima.

Wafaransa walikuwa na baruti yao isiyo na moshi, ya Paul Vieille, tangu mwaka wa 1884, na bunduki ya Lebel ilitengenezwa kwa ajili yake. Hawakutaka ya Nobel. Aliiuzia Italia. Ndipo magazeti ya Ufaransa yakamwita mwizi wa siri, na maabara yake ya Sevran, karibu na Paris, ikafungwa. Mwaka wa 1891 alihamia San Remo, Italia. Waingereza nao walitengeneza kordaiti, iliyofanana sana na balistiti. Alishitaki, na mwaka wa 1895 alishindwa kabisa, juu ya maneno yaliyoandikwa katika hati yake mwenyewe. Hata tajiri anaweza kupoteza haki yake kwa karatasi iliyoandikwa vibaya. Sisi tunaosaini kontra tujifunze hapo.

Hakuoa, hakuacha mtoto. Mwisho moyo ulimwuma, na daktari alimwandikia dawa: nitrogliserini. Tarehe 27 Novemba 1895 alisaini wosia pale Paris: sehemu kubwa ya mali yake iwe tuzo kwa wanaosaidia wanadamu. Alikufa San Remo tarehe 10 Desemba 1896. Watu wa ukoo walibishana, lakini tuzo zilianza mwaka wa 1901.

Je, alikuwa mwema ao mubaya? Sisi hatumhukumu. Alifanya baruti itii, na wachimbaji wengi waliishi juu ya hiyo. Lakini kila hatua ya usalama ilikuja nyuma ya maiti: ya Emil, ya wabeba mizigo, ya wachanganyaji ambao hakuna redio inayotaja majina yao. Wosia ulikumbuka wenye elimu, wenye kuandika vitabu na wenye kuleta amani. Hakuna tuzo ya mtu wa kiti cha mguu mmoja.

Kwa hiyo tunapoingia shimoni, tusingoje kifo kitufundishe. Tuulize: hii ni baruti gani, sanduku ni la tarehe gani, nani aliichagua, na nani alifundishwa kuiwasha? Anayechagua baruti anakaa ofisini. Anayeishika ni sisi.