Habari za Tabibu Hansen na Ukoma

Habari za ukoma twazisoma tangu vitabu vya Musa, lakini mtu aliyekiona kwanza kijidudu chake wengi hawamjui. Ni Gerhard Armauer Hansen, aliyezaliwa Bergen, katika nchi ya Norwei, mwaka wa 1841.

Siku zile matabibu wakubwa, hata mkwewe Danielssen, walifundisha kwamba ukoma hurithiwa. Mwaka wa 1873 Hansen aliona kwa darubini vijiti vidogo sana katika vinundu vya wagonjwa. Mwaka uliofuata akapiga chapa habari hiyo, lakini kwa lugha ya kwao, isiyosomwa na wageni. Tena kwa hadhari nyingi, asije akasema zaidi ya aliyoyaona.

Mwaka wa 1879 akaja kijana Mjerumani, Albert Neisser. Hansen akampa vinundu pasipo choyo. Neisser akavitia rangi, vijiti vikaonekana dhahiri, naye akaandika mwaka wa 1880 bila kumpa mwenyeji wake sifa iliyompasa. Ndipo Hansen akaandika upya, kwa Kijerumani na Kiingereza pia.

Wala kosa lake hatulifichi. Mwaka ule wa 1879 alimchoma mwanamke mgonjwa jichoni pasipo idhini yake, apate kujaribu kumwambukiza. Baraza likamwondoa katika kazi ya hospitali. Kwetu sisi, mwanamke yule alidhulumiwa kuliko Hansen.

Mwaka wa 1909 matabibu wa nchi nyingi walikutana Bergen, wakamweka kuwa mwenyekiti wao. Akafariki mwaka wa 1912.