Bear Bryant: Kocha aliyemkabidhi kijana wa miaka 21 ukuta wake

Mnamo 1973, Chuo Kikuu cha Alabama nchini Marekani kilihitaji mtu wa kuwafunza wachezaji wa mstari wa mbele wa ulinzi. Kazi kama hiyo hugombewa na wanaume wazima wenye familia, watu waliosota miaka mingi katika vyuo vidogo wakingoja simu ilie. Kocha mkuu akampa jamaa wa miaka 21. Msimu uliotangulia, jamaa huyo alikuwa bado anavaa jezi ya timu hiyo hiyo. Sasa angesimama mbele ya wachezaji aliobadilisha nao nguo chumba kimoja na kuwaambia wakimbie raundi nyingine.

Halafu kuna hili: alikuwa Mweusi. Miaka kumi tu kabla ya hapo, Juni 1963, gavana George Wallace alikuwa amesimama mlangoni mwa chuo hicho kuwazuia wanafunzi wawili Weusi wasijisajili.

Kijana mwenyewe anaitwa John Mitchell. Mzee aliyemchagua ni Paul Bryant, ambaye dunia nzima ya futiboli ya Kimarekani inamjua kwa jina la Bear, yaani Dubu.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe, maana si soka hii yetu. Unakaribiana zaidi na raga. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikishindwa, mpira unaenda kwa wapinzani. Siku hizi timu huwa na vikosi viwili tofauti, kimoja cha kushambulia na kingine cha kulinda, na kila kimoja kina bosi wake chini ya kocha mkuu. Bosi wa ulinzi huitwa mratibu wa ulinzi. Ndiye anayekesha akitazama video za wapinzani, anayepanga nani asimame wapi, na anayelaumiwa na mji mzima timu ikifungwa. Kocha mkuu akikosea kumchagua mtu huyu, mara nyingi ni yeye anayefutwa kazi. Bryant alilijua hilo mapema, na ukitaka kumwelewa, tazama watu aliowapa kazi hiyo ya kulinda.

Alizaliwa Septemba 11, 1913, katika kijiji cha Moro Bottom, jimbo la Arkansas, mtoto wa 11 kati ya 12. Baba yake alikuwa mgonjwa, hivyo shamba na biashara vilimwangukia mama. Mvulana huyo alipanda mkokoteni wa nyumbu pamoja na mamake kwenda mjini Fordyce kuchuuza mboga na maziwa, na watoto wa mjini wakawa wanamcheka. Aibu hiyo hakuisahau hata alipokuwa tajiri.

Jina la Dubu alilipata akiwa na miaka 13 hivi. Jamaa mmoja alileta dubu kwenye ukumbi wa maonyesho, akaahidi dola moja kwa kila dakika ambayo mtu angestahimili kupigana naye. Bryant akajitosa. Kifungo cha mdomo wa yule mnyama kikachomoka, kijana akaumwa sikio, akaruka kutoka jukwaani. Alipokwenda kudai chapaa zake, mwenye dubu alikuwa ameshahepa.

Alabama alifika 1931 kama mchezaji. Nyota wa timu alikuwa Don Hutson, na Bryant alicheza upande wa pili wa uwanja. Mwenyewe alipenda kujiita yule mwingine. Lakini mwaka 1935 alicheza dhidi ya Tennessee akiwa amevunjika mfupa wa mguu, na Alabama ikashinda 25-0. Siku hizi daktari wa timu asingekubali upuuzi huo. Wakati ule ulimfanya shujaa.

Baada ya kuwa msaidizi huku na kule na kuhudumu katika jeshi la majini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alipewa timu yake ya kwanza, Maryland, mwaka 1945. Mwaka uliofuata akaenda Kentucky, akakaa misimu minane. Huko alifaulu, ila kuna mtu mmoja aliyemnyima usingizi: Jenerali Robert Neyland wa Tennessee. Neyland aliamini kwamba mechi hushindwa na ulinzi kwanza, mengine baadaye. Kwa miaka yote waliyokutana, Bryant wa Kentucky hakumshinda hata mara moja. Alipata sare mbili, basi. Nadhani hapo ndipo aliposomeshwa hasa.

Mwaka 1954 alihamia Texas A&M, akawapeleka wachezaji katika mji mdogo wa Junction kwa kambi ya siku kumi. Kulikuwa na ukame na joto kali. Walifanya mazoezi tangu alfajiri, na maji ya kunywa yalikuwa mwiko. Vijana wakaanza kutoroka usiku, mmoja mmoja, wengine kwa vikundi. Waliokwenda walijaza mabasi mawili. Inasimuliwa kwamba waliorudi walitosha basi moja. Kuna wanaoisimulia Junction kama hadithi ya ujasiri. Mimi naona ilikuwa bahati kubwa kwamba hakuna aliyekufa. Na msimu uliofuata kambi hiyo timu ilishinda mechi moja na kupoteza tisa. Ndio msimu pekee wa hasara katika misimu yake 38 ya kuwa kocha mkuu. Miaka 25 baadaye, walipokutana tena Junction, inasemekana mzee aliwaomba radhi.

Hata hivyo, kati ya waliobaki alikuwamo kijana mwembamba aitwaye Gene Stallings. Miaka miwili baadaye kikosi hicho kikawa bingwa wa ligi yake bila kushindwa. Na Bryant alipoitwa nyumbani Alabama mwaka 1958 kuokoa timu iliyokuwa imeshinda mechi nne tu katika miaka mitatu, alimbeba Stallings awe mmoja wa wasaidizi wake upande wa ulinzi. Stallings alikuwa na miaka 23.

Huo ulikuwa uteuzi wa aina ya kwanza: unamchukua mtu uliyemwona akiteseka asihepe. Mwaka 1961 Alabama ilicheza mechi 11 na kuruhusu pointi 25 tu msimu mzima. Soma tena, tafadhali: pointi 25 katika mechi 11, kwenye mchezo ambao kufika mara moja mstari wa mwisho kunaleta pointi sita. Wakatwaa ubingwa wa taifa, kisha wakautwaa tena 1964 na 1965.

Kuchagua mtu mzuri kuna gharama yake, kwamba wengine nao watamwona. Mwishoni mwa 1964, Texas A&M ilimchukua Stallings awe kocha mkuu akiwa na miaka 29. Januari 1, 1968, wawili hao wakakutana uwanjani katika Cotton Bowl, mwalimu upande huu, mwanafunzi upande ule. Mwanafunzi akashinda 20-16. Mechi ilipokwisha, Bryant alivuka uwanja, akamkumbatia Stallings na kumnyanyua juu. Picha ya tukio hilo bado inazunguka: mzee wa miaka 54, ametoka tu kushindwa, amembeba kijana wake kama mtoto.

Uteuzi wa aina ya pili ulikuwa Ken Donahue, aliyejiunga na Alabama mwaka 1964 na baadaye akawa mratibu wa ulinzi. Donahue alikuwa mchezaji wa zamani wa Tennessee, tena chini ya Neyland yule yule! Mashabiki wa Alabama na Tennessee hawapikiki chungu kimoja, lakini Bryant hakujali. Kama huwezi kumshinda mtu, mchukue aliyefunzwa naye. Donahue hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa mtu wa kukaa gizani na mashine ya filamu hadi usiku wa manane, akirudisha nyuma mchezo mmoja mara kumi, akitafuta mguu wa beki uliokaa vibaya.

Sasa turudi kwenye lile la rangi, maana hapa ndipo sifa za mzee zinapoingia doa. Timu zote zile za ubingwa za miaka ya 1960 zilikuwa za Wazungu watupu. Mwaka 1966 Alabama ilishinda mechi zake zote 11 na bado wapiga kura wakaipa nafasi ya tatu. Wapo wanaoamini ubaguzi uliigharimu. Watetezi wa Bryant husema mikono yake ilikuwa imefungwa na siasa za Wallace. Labda, kwa miaka kadhaa. Lakini kufikia katikati ya miaka ya 60 alikuwa mtu mwenye nguvu kuliko karibu kila mtu katika jimbo hilo, na angeweza kujaribu mapema zaidi. Julai 1969 chama cha wanafunzi Weusi kiliishtaki Alabama, Bryant akiwemo, kwa kutowasajili wachezaji Weusi. Mwishoni mwa mwaka huo huo Wilbur Jackson akakubali kujiunga, akawa mchezaji Mweusi wa kwanza wa futiboli kupewa ufadhili wa masomo chuoni hapo.

Nasema hivi kwa sababu kuna hadithi tamu unayoweza kukutana nayo. Septemba 12, 1970, timu ya USC kutoka California ilifika Birmingham, na mchezaji wake Mweusi Sam Cunningham akaipasua ngome ya Alabama vipande vipande. USC ilishinda 42-21. Hadithi inadai kwamba usiku ule ndipo Alabama ilipofumbuliwa macho. Kwa mashabiki, pengine. Ila Jackson alikuwa tayari mwanafunzi wa Alabama siku hiyo. Hakucheza tu kwa kuwa sheria za wakati ule hazikuwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuingia kikosi kikuu. Kesi mahakamani ilikuwa imeshatangulia.

John Mitchell aliingia kwa mlango wa nyuma, na kwa maringo ya kocha mwingine. Alizaliwa Mobile, humo humo Alabama, lakini chuo cha jimbo lake hakikumtazama mara mbili alipomaliza shule. Akaenda zake Arizona kucheza katika chuo kidogo. Mapema 1971, kocha wa USC, John McKay, rafiki wa Bryant, alijisifu mbele yake kwamba karibu anampata kijana mzuri wa kutoka Mobile. Bryant akanyamaza, akaomba udhuru, akaenda kutafuta simu. Kijana akaishia Alabama. Ndiye Mweusi wa kwanza kuichezea timu hiyo mechi rasmi, Septemba 10, 1971, ugenini dhidi ya USC hao hao. Alabama ilishinda 17-10. Mwaka uliofuata wenzake walimpigia kura awe mmoja wa manahodha.

Ilipofika 1973 na ndoto ya kucheza kulipwa ikagonga mwamba, Bryant akampa ile kazi. Hapo palikuwa na hatari ya kweli. Kumweka mchezaji Mweusi uwanjani ni kumpa nafasi ya kukimbia. Kumfanya kocha ni kumpa mamlaka ya kuwafokea vijana wa Kizungu, kukaa sebuleni na wazazi wao kuomba wamwachie mtoto, na kukosea hadharani. Hakuwahi kuwepo kocha Mweusi katika timu hiyo. Mitchell alikaa hadi 1976. Msimu wake wa kwanza Alabama haikupoteza mechi hata moja ya msimu wa kawaida.

Januari 1, 1979, Sugar Bowl, New Orleans, watu wa Donahue walimpa mzee picha yake ya mwisho kubwa. Alabama 14, Penn State 7. Penn State ilikuwa na jaribio la mwisho na chini ya yadi moja kufika mstari. Mike Guman akaruka juu ya rundo la miili. Barry Krauss naye akaruka kumkuta hewani. Mpira haukuvuka. Ubingwa ukaenda Alabama, kisha wakaurudia mwaka uliofuata, wa sita kwa Bryant.

Alistaafu na ushindi wa mechi 323. Mechi yake ya mwisho ilikuwa Desemba 29, 1982. Aliwahi kutania kwamba akiacha kufunza hatamaliza wiki. Januari 26, 1983, siku 28 baadaye, moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 69. Maelfu ya watu walijipanga kandokando ya barabara kuu kutoka Tuscaloosa hadi makaburi ya Birmingham. Kidoleni alikuwa na pete moja tu, na haikuwa ya ubingwa. Ni ile aliyopewa na vijana wa Junction.

Mwaka 1990 Alabama ilimleta Gene Stallings awe kocha mkuu, na baada ya misimu mitatu akawa bingwa wa taifa, kwa kutegemea ulinzi. Mwaka huo huo wa 1990, katika chuo cha LSU kilicho ligi moja na Alabama, kiti cha mratibu wa ulinzi kilipewa mtu Mweusi kwa mara ya kwanza katika historia ya ligi hiyo. Jina lake John Mitchell. Novemba, kama kila mwaka, Alabama na LSU zilikutana.