Tumkumbuke Mzee Rashidi Mfaume Kawawa (1926–2009)

Ndugu wana-Chiwanda, mliopo nyumbani na mliotawanyika Songea, Dar es Salaam na kwingineko,

Kila tunapoitana kuchangia, swali la kwanza huwa ni hela ya mwaka jana ilikwenda wapi. Ni swali la haki. Mimi ni mhasibu, na kazi yangu mjini ni kuuliza na kuulizwa swali hilo hilo, kwa hiyo silichukii. Nilipoombwa niandike kumbukumbu ya mtu mmoja wa mkoa wetu nilimchagua Mzee Kawawa, kwa sababu karibu maisha yake yote alishika vitu ambavyo havikuwa vyake.

Hakuwa mtu wa ziwani. Alizaliwa mwaka 1926 Matepwende, katika wilaya ya Songea ya wakati huo, ambayo leo ni Namtumbo. Alisoma Liwale, Dar es Salaam, kisha Tabora, na akaajiriwa katika idara ya ustawi wa jamii. Vijana wengi hawajui kwamba aliwahi kuwa mcheza filamu. Mwaka 1952 aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu, akiwa mtu wa shamba aliyeingia mjini na kukutana na matapeli. Sisi tulioshuka basi Dar es Salaam na begi moja tunaielewa hadithi hiyo bila kuelezwa.

Kutoka hapo akaingia kwenye vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1955 akawa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho lao, TFL. Baadaye akaingia TANU na serikalini. Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akajenge chama, na kiti akakaa Kawawa. Alikuwa na umri wa miaka 35. Katika nchi nyingi za Afrika tumeona kilichotokea mtu alipoachiwa kiti hata kwa wiki moja. Yeye alikaa miezi kumi na zaidi, akaiongoza serikali mpaka nchi ikawa Jamhuri tarehe 9 Desemba 1962. Siku hiyo Mwalimu akawa Rais, na Kawawa akawa Makamu wake. Kwa lugha ya kazi yangu, hayo yalikuwa makabidhiano safi.

Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na jeshi lile likavunjwa. Tarehe 1 Septemba mwaka huo likazaliwa Jeshi la Wananchi. Kawawa, akiwa Makamu wa Pili wa Rais baada ya Muungano, alikabidhiwa pia dhamana ya ulinzi. Kujenga jeshi jipya hakukuwa jambo la gwaride tu. Kikosi cha ndege kilikuwa kimeanza kwa msaada wa Wajerumani wa Magharibi, lakini mwaka 1965 wakaondoka kwa ugomvi wa kisiasa. Kanada ikachukua nafasi yao na kufundisha marubani na mafundi wetu mpaka mwaka 1970, kisha China ikaendeleza upande wa ndege za kivita. Wenye nyota mabegani walirusha ndege na kuongoza vikosi. Yeye raia alihakikisha vikosi hivyo vipo.

Sisi tunaopakana na Msumbiji tunajua kwa nini ilikuwa lazima. Miaka kumi ya vita vya FRELIMO na Wareno, kuanzia 1964, ilipita mlangoni petu, na wakimbizi walipokelewa kwenye nyumba za babu na bibi zetu. Kisha Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Waziri wa Ulinzi alikuwa Kawawa. Wapo wazee wa mkoa huu waliokwenda vita ile wakiwa vijana, na wapo ambao hawakurudi. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Naye alijulikana kwa jina la Simba wa Vita.

Lakini daftari lina pande mbili, na mhasibu anayeandika upande mmoja tu anadanganya. Mwaka 1969 chama alichokitumikia kilivunja Shirika la Maendeleo la Ruvuma, RDA, lililoanzia Litowa. Wale walikuwa wakulima wa mkoa huu huu waliojipanga wenyewe, wenye shule yao na mashine yao ya kusaga, na mali zao zikachukuliwa. Miaka ya sabini, akiwa Waziri Mkuu, alisimamia uhamishaji wa watu kwenda vijijini, na wengi waliacha mashamba na makaburi kwa kulazimishwa. Tusiyafiche hayo. Yanatufundisha kwamba kazi ya pamoja hudumu pale wenyewe wanapoiamua na kuisimamia.

Baadaye alikuwa Katibu Mkuu wa CCM, kuanzia 1982 hadi 1990. Mkewe, Bi Sofia, aliyeongoza Umoja wa Wanawake, alitangulia mwaka 1994. Yeye alifariki Muhimbili tarehe 31 Desemba 2009, akazikwa Madale, nje kidogo ya jiji. Aliyekaa karibu na kiti kikubwa kwa miongo mingi hakuacha sifa ya utajiri. Aliacha sifa ya kutumwa na kwenda.

Ndugu zangu, fomu ya ahadi ipo ukurasa wa mwisho. Mchango wako, mkubwa au mdogo, ni dhamana, na utaandikiwa stakabadhi. Vitabu vya hesabu vitakuwa mezani siku ya mkutano mkuu, wazi kwa kila mwanachama. Njooni mvikague, na mkiona kasoro semeni palepale. Viongozi wenu nasi tumekalishwa tu kwenye viti hivi, na siku ya kuvirudisha tungependa hesabu iwe imekaa sawa.