Ernst May: aliyechora nyumba za watu wa mshahara wa katikati

Huko Kibumba, kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, wengi wanajenga kwa mbao juu ya mawe ya volkano. Hata mwalimu ao muuguzi mwenye kupata pesa kila mwezi, bado anajiuliza nyumba ya kudumu ataipata lini. Swali hilo Ernst May alilibeba karibu maisha yake yote.

Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka wa 1886. Mwaka wa 1925 mji wake ulimpa kazi ya kujenga, kwa sababu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia familia nyingi zilikosa makao. Kwa miaka mitano, nyumba zaidi ya 10,000 zikasimama. Aliwezaje? Vipimo vilikuwa vilevile, kuta zingine zilitengenezwa kiwandani, na nyumba nyingi zilipata bustani ndogo ya mboga. Mwenzake, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko la mita 1.9 kwa 3.4 tu, ili mama asichoke na kuzunguka-zunguka akipika.

Lakini kodi ikawa juu. Vibarua wa hali ya chini hawakuiweza. Walioingia zaidi ni wafanyakazi wa ofisi na mafundi wenye mshahara wa uhakika.

Mwaka wa 1930 alienda Umoja wa Kisovyeti kupanga miji mipya. Hitler akakamata utawala mwaka wa 1933, na njia ya kurudi kwao ikafungwa. Mwaka wa 1934 May akafika Tanganyika, akalima karibu na Arusha, kisha akafungua ofisi Nairobi. Huko akabuni nyumba ya vipande vya saruji, yenye kupinda kama kibanda, lakini haikuenea. Baada ya vita akachora mpango wa kupanua Kampala. Ule mpango ulitenga makao ya Wazungu, Wahindi na Waafrika, sawa na utawala wa kikoloni ulivyotaka. Mwafrika alipangiwa nyumba, bila kuwa na sauti juu yake.

May alirudi Ujerumani, akajenga tena mitaa mikubwa, akafia Hamburg mwaka wa 1970.

Kule Frankfurt alianza na hatua za mama jikoni, lakini mshahara wa kibarua ukamshinda. Mwenye kuchora nyumba za Kibumba leo aanze na vyote viwili: mtu analipa ngapi kwa mwezi, makala inawashwa wapi, na maji ya mvua yanakingwa wapi.